Sauti ya Mama, Kinanda na Mashine

Wiki iliyopita niliahidi tutatoka kidogo kwenye mambo ya uji na chanjo, tuongee historia. Leo ndiyo leo. Ni ndefu, nimeigawa sehemu saba. Ukiwa unanyonyesha, soma taratibu, haikimbii.

SEHEMU YA 1: Hiyo ni redio?

Binti mmoja alikuja kliniki, mimba ya kwanza, kafuatana na mama mkwe wake. Siku hiyo nilitumia kale kamashine kadogo ka kusikilizia moyo wa mtoto, sio lile tarumbeta letu la siku zote. Nikapaka jeli, nikatafuta mahali, mara chumba kikajaa: hwu-hwu-hwu-hwu. Binti akashtuka akaniuliza, "Nesi, hiyo ni redio?"

Nikamwambia hapana, huyo ni mwanao. Mama mkwe akafunika mdomo kwa kitenge. Akasema yeye kazaa saba na hakuwahi kusikia hata mmoja akiwa tumboni.

Nilipofika nyumbani nikalifikiria lile swali. Binti hakukosea sana. Ile mashine inapeleka mawimbi ya sauti kali mno kiasi kwamba sikio halisikii. Yanagonga moyo unaocheza, yanarudi yamebadilika kidogo. Mashine inachukua ile tofauti na kuigeuza kuwa sauti tunayoisikia. Kwa hiyo mama wa siku hizi, mara ya kwanza kumsikia mwanawe, anamsikia kwa umeme. Mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ni mdundo kabisa huo.

Sasa kitu kingine. Mtoto akizaliwa, kabla hajapewa jina, tunakata kipande cha plasta tunamfunga mkononi. Tunaandika "Mtoto wa", halafu jina la mama. Hatuandiki jina la daktari, wala la mimi niliyemdaka, wala la baba aliyeko nje ya geti na chupa ya chai. Ni la mama, ili asipotee.

Kumbukeni hiyo plasta. Historia ninayotaka kuwasimulia ni ya muziki unaochanganya piano, mashine na uimbaji wa papo kwa papo. Nimeifuatilia muda mrefu kwa sababu ya kaseti moja ya marehemu mama yangu, nitaisema mwishoni. Na kila nilikogusa kwenye historia hii nimekuta sauti ya mwanamke ipo tangu mwanzo. Plasta ndiyo imekuwa inakosekana.

SEHEMU YA 2: Cairo, 1944

Ukimuuliza mtu muziki wa mashine ulianzia wapi, atakwambia Ulaya. Wanaume wenye miwani, maabara, nyaya. Wengi wanataja Paris mwaka 1948. Lakini kuna kitu kilitokea miaka minne nyuma, hapa hapa Afrika.

Mwaka 1944 jijini Cairo alikuwepo kijana wa Kimisri anaitwa Halim El-Dabh. Alizaliwa mwaka 1921, kwa hiyo alikuwa na miaka ishirini na kitu. Chuoni alisomea kilimo, ila moyo wake ulikuwa kwenye muziki. Akaazima mashine ya kurekodi kwenye ofisi za redio. Msidhani ni kama simu zetu. Sauti ilihifadhiwa kwenye uzi mwembamba wa chuma, kama waya, unaozunguka kwenye gurudumu na kupokea sauti kwa sumaku. Dude zito la kubeba.

Akaenda nalo kwenye shughuli inayoitwa zar.

Zar ni mkusanyiko wa uponyaji unaojulikana Misri, Sudani na Ethiopia, na shughuli hii ilikuwa ya wanawake. Mwanamke akisumbuliwa na maradhi yasiyoeleweka, akikosa usingizi, akilia bila sababu, wenzake wanamkusanyikia, wanaimba, wanapiga ngoma, anacheza mpaka anatulia. Walioishi Pwani au Unguja wanazijua ngoma za pepo, zina undugu na hizo. Mimi kama muuguzi nina majina mengine ya baadhi ya mateso hayo. Na nasema wazi, mama aliyejifungua akiona giza moyoni wiki zinapita, aje kituoni, asisubiri. Ila siwezi kuwacheka wale wanawake. Walijua jambo moja ambalo hata sisi tunafundishwa: mgonjwa asiachwe peke yake.

Mwanaume haingii hovyo kwenye zar. El-Dabh mwenyewe alisimulia kwamba alijipenyeza. Akanasa sauti za wale akina mama wakiimba.

Baada ya hapo ndipo akafanya jambo jipya. Hakuicheza ile rekodi kama ilivyo. Alirudi redioni akaipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akapunguza sauti nzito, akaacha zile nyembamba zinazoelea, akairekodi upya, tena na tena. Ukisikiliza hujui tena ni koo la mtu au ni upepo. Akaionyesha kwa watu Cairo mwaka huo huo. Leo inahesabiwa kati ya kazi za kale kabisa za muziki wa aina hii zinazojulikana duniani, na kipande chake cha dakika chache bado kipo, unaweza kukisikiliza.

Jina lililoandikwa pale ni Halim El-Dabh. Sawa, kazi ni yake, alistahili. Lakini wale wanawake ambao bila koo zao asingekuwa na kitu cha kupitisha kwenye mashine, hawakuandikwa. Hata mmoja.

Mimi hapo nilisimama. Mtoto kazaliwa, na plasta haina jina la mama.

SEHEMU YA 3: Treni ya Paris na treni yetu

Tusimwache El-Dabh bado. Alikuwa mpiga piano pia. Mwaka 1949 kipande chake cha piano kilimpatia sifa kubwa Cairo, na mwaka 1950 akaenda Marekani kusoma muziki. Miaka michache baadaye alikuwa New York, kwenye kituo cha muziki wa umeme cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, akichanganya sauti za watu, ala na mashine. Mwaka 1959 akatengeneza kazi inayoitwa Leiyla and the Poet, ambayo wanamuziki wa Marekani waliisikiliza sana. Halafu miaka ya 1960 akarudi huku kwetu mashariki, akafundisha Addis Ababa na kusaidia kuanzisha kundi lililokusanya ala za asili za Ethiopia kwenye jukwaa moja. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Na yule wa Paris? Ni Mfaransa, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio. Mwaka 1948 alibeba vyombo vyake akaenda stesheni kurekodi treni: filimbi, mvuke, magurudumu kwenye reli. Akazikata zile sauti, akazipanga upya, akazirudiarudia, mpaka treni ikawa muziki.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi wa Makambako treni tunaijua. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na inapita hapa kwetu. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu alikuwa anaiiga kwa mdomo huku anapiga sufuria kwa mwiko. Tukamwambia anyamaze, anatupigia kelele. Kumbe mwenzetu alikuwa anafanya alichofanya mhandisi wa Paris! Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mashine, na sisi hatukuwa na masikio.

Siku hizi simfukuzi tena. Namnyang'anya mwiko usiku tu.

SEHEMU YA 4: Piano si ya wenyewe peke yao

Najua kuna mtu anasema, nesi, haya mambo ya piano ni ya wazungu. Ngoja.

Kwetu huku kinanda kina zaidi ya miaka mia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika kwa Wabena mwishoni mwa karne ya 19, na Kidugala, si mbali na Makambako, ni moja ya vituo vyao vya zamani. Wakaja Wakatoliki nao. Nyimbo za sauti nne zikaingia, na Wabena wakazipokea wakazifanya za kwao mpaka leo. Jumapili Njombe, hata baridi iwe ya kuganda vidole, kwaya haikosi. Kinanda cha leo kina waya na kadi ya midundo ndani, mpigaji anabonyeza kitufe ngoma zinalia zenyewe. Mkono mmoja anapiga mambo aliyojifunza kwenye vitabu vya Kijerumani, mwingine anaongoza mashine, na mbele yake watu arobaini wanaimba papo kwa papo. Huo ndio muziki wenyewe tunaouongelea, mama, tunavaa sare tunakwenda kuuimba.

Na Mwafrika mwanamke kwenye piano ya klasiki hakuanza jana. Kuna mtawa wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Akiwa na miaka sita alipelekwa shule Uswisi, huko akajifunza fidla na piano. Waitaliano walipovamia nchi yao, yeye na familia yake walichukuliwa mateka wakapelekwa kisiwani Italia. Baada ya vita alisoma tena muziki Cairo, mji ule ule wa El-Dabh. Kisha akawa mtawa. Mwaka 1967 akatoa santuri yake ya kwanza ya piano Ujerumani, na fedha zikaenda kwa watoto yatima.

Kinachonigusa zaidi ni kitu alichofanya baadaye. Kati ya mwaka 1977 na 1985, kipindi kigumu cha utawala wa kijeshi Ethiopia, alikaa nyumbani Addis akajirekodi mwenyewe kwa redio kaseti, akiimba na kupiga piano. Hakuna studio, hakuna prodyuza. Nje ya dirisha ndege wanasikika, nao wameingia kwenye kaseti. Rekodi hizo zilitolewa kama albamu mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki Yerusalemu akiwa na miaka 99. Jina kwenye jalada ni lake. Alijifungia plasta mwenyewe.

SEHEMU YA 5: Binti wa Nairobi na mwili unaosikia

Sasa tuje kwa walio hai, watoto wetu kabisa. Nyokabi Kariũki ni Mkenya, kazaliwa mwaka 1998. Alianza na piano ya klasiki utotoni Nairobi, akaenda kusomea utunzi New York. Kama hujawahi kuona mtu wa aina yake jukwaani, jaribu kupiga picha hii. Kuna kinanda, pengine kalimba, kuna maiki na kompyuta. Anaimba mstari mmoja. Mashine inaudaka ule mstari, inaurudisha, naye anaimba mwingine juu yake. Baada ya muda amekuwa kwaya ya mtu mmoja. Kwa sababu anafanya hapo hapo mbele yenu, akikosea kosa nalo linarudi, inabidi alipatie mahali.

Mwaka 2022 alitoa albamu fupi ya kumbukumbu za kwao Kenya. Ndani yake kuna sauti halisi alizorekodi nyumbani: mazingira, watu wanaongea. Kipande kimoja kinahusu matembezi kwenye shamba la cũcũ wake, yaani bibi yake kwa Kikikuyu. Kingine kinahusu piano ya nyumbani kwao. Yaani kile tunachokiona cha kawaida mno, bibi yuko shambani anaongea na mjukuu, yeye kakiweka katikati ya muziki na kukitaja kwenye jina la wimbo. Bibi kaandikwa.

Halafu mwaka 2023 akatoa albamu inayoitwa FEELING BODY. Hii ndiyo iliyonikamata kama muuguzi. Mwaka 2021 aliugua Uviko, na kama wengi tulivyoona, ugonjwa ukaisha kwenye vipimo lakini haukuisha mwilini. Uchovu, dalili haziondoki, miezi inakwenda. Albamu nzima ni ya hali hiyo. Kuna kipande kinaitwa Subira, kingine Nazama. Sauti yake mwenyewe inarundikwa tabaka juu ya tabaka mpaka unahisi umo ndani ya mwili wa mtu anayejisikiliza.

Nitakiri kitu. Mwaka ule wa 2021 mama mmoja alikuja kwangu mara tatu. "Nesi, bado sijisikii vizuri." Vipimo safi. Mara ya tatu nilimjibu kwa haraka, nikamwambia apumzike, foleni ilikuwa ndefu. Nilipoisikiliza ile albamu usiku mmoja nikiwa zamu, wodi imetulia, nilimkumbuka yule mama. Niliandika majibu ya vipimo vyake vyote kwenye kadi. Maneno yake mwenyewe sikuyaandika hata moja. Mpaka leo, mama akiniambia "bado", neno hilo naliandika kama alivyolitamka.

SEHEMU YA 6: Bagamoyo, na wale waliokuwa nyuma

Turudi Tanzania. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa ilimba na zeze, aliitambulisha nchi hii duniani. Maisha yake ya kazi yalikuwa Bagamoyo. Mwaka 2002 alitoa albamu na Michael Brook wa Kanada, mtu wa magitaa na mitambo, wakachanganya sauti ya Kigogo na umeme. Hukwe alifariki Desemba 2003. Mwaka 2017 mwanawe Msafiri Zawose akatoa albamu ya Uhamiaji, nayo ina ilimba na sauti za mashine ndani yake.

Mnaona majina hayo? Yote ya wanaume. Lakini kwa Wagogo ngoma za muheme wapigaji ni wanawake, wanazibana katikati ya mapaja wanapiga mpaka ardhi inatetemeka. Na kwenye kundi la familia ya Zawose wanawake walikuwepo miaka yote. Waliimba nyuma, walicheza, waliitikia.

Mwaka 2024 wawili kati yao wakatoka mbele: Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Albamu yao inaitwa Maisha. Ilimba, zeze, ngoma, sauti zao mbili zinazosukana kama mkeka, na umeme kidogo kwa pembeni kama chumvi. Jina la kundi ni The Zawose Queens, malkia. Sauti ilikuwepo tangu zamani, wamebadilisha mahali pa kusimama tu.

Kwa vijana wenye watoto wadogo, nisisahau singeli. Ile nayo ni mashine na mdomo papo kwa papo. Studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, ilikusanya kazi za vijana wake kwenye albamu iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, na watu wa Ulaya wakashangaa kasi. Midundo inapita 200 kwa dakika. Nyie mlioona kwenye kliniki yangu moyo wa mtoto uko 140 mnaelewa kwa nini mtoto mchanga akisikia singeli ya jirani saa sita usiku anakodoa macho. Ni muziki wetu na naupenda, ila jamani, spika ya baa na kitanda cha mtoto visipakane. Na mtoto mchanga asiwekewe spika za masikioni, hata kwa wimbo wa dini.

SEHEMU YA 7: Kaseti

Mwaka 1980 watafiti wawili Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walifanya jaribio na watoto wachanga 10, wote chini ya siku tatu. Waliwarekodi mama zao wakisoma hadithi. Kisha wakampa mtoto nyonyo ya mpira iliyounganishwa na mashine. Akinyonya kwa mpangilio fulani, anasikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mpangilio mwingine, anasikia sauti ya mama mwingine. Wengi wao wakabadilisha namna ya kunyonya ili wampate mama yao.

Hebu tulia hapo. Mtoto wa siku mbili, hajui kitu, ila kapewa mashine akaipiga mpaka ikamletea sauti anayoitaka. Hakuijifunza baada ya kuzaliwa tu, alikuwa anaisikia akiwa tumboni.

Sasa kaseti yangu.

Mama yangu aliimba kwaya kijijini kwetu, Njombe, zaidi ya miaka ishirini. Sauti ya kwanza. Kwaya yao ilirekodi kaseti moja miaka ya tisini, kwa kinanda cha umeme chenye midundo ndani na jenereta iliyokuwa inanguruma nje. Kuna wimbo anaanza peke yake, mstari mzima, ndipo wengine wanaingia. Kwenye karatasi ya kaseti kuna jina la mwalimu wa kwaya, jina la mpiga kinanda, na jina la fundi mitambo. Waimbaji wameandikwa "na wanakwaya wote".

Mama alifariki kabla sijapata mtoto. Kaseti ilikaa kwenye boksi chini ya kitanda, ikapata ukungu. Mwaka jana nikaipeleka kwa kijana mmoja hapa Makambako karibu na stendi, anahamisha nyimbo za zamani kwenye flashi. Akaifungua, akaisafisha utepe kwa subira, akaniambia, mama, kuna mahali umekatika, sekunde chache zitapotea. Nikamwambia zipotee, nyingine uniletee.

Alipoipiga pale dukani, bodaboda wanapita, mabasi ya Songea yanapiga honi, nikamsikia mama yangu akianza. Kwa nyuma jenereta inanguruma. Zamani ningetaka iondolewe. Yule kijana mwenyewe aliniuliza, "Niitoe hiyo kelele?" Nikasema hapana. Ile ni siku yenyewe ilivyokuwa.

Akauliza faili aliite nini. Kwenye kompyuta yake lilikuwa limejiandika "Track 4". Nikamtajia majina matatu ya mama, akayaandika, nikayasoma herufi kwa herufi kuhakikisha. Nyumbani nikampigia mwanangu, yule wa treni. Akasikiliza huku kashika mwiko wake. Akauliza, "Ni nani?" Nikamwonyesha jina kwenye skrini. Hajui kusoma bado, kwa hiyo nilimsomea.

Kazi ya nyumbani, mama zangu, na baba pia. Simu unayoisomea hapa ni mashine kubwa kuliko dude la Cairo. Kama bibi yupo, mrekodi akibembeleza mjukuu. Usimwambie ajiandae, kuku na wapige kelele. Ukimaliza usiache limeandikwa "Recording 12". Andika jina lake kamili, mahali na tarehe, halafu mtumie na ndugu mwingine, simu hupotea.

Na leo usiku, kabla ya kuzima taa, mwimbie mwanao. Sauti yako unayoiona mbaya ndiyo aliyokuja akiitafuta.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji. Mlioniuliza kuhusu mtoto anayekataa kunyonya ziwa moja, nimewaona, nitajibu.